Kazi za Wazee Wetu Baada ya Umri wa Miaka Hamsini

Ndugu wa kamati ya Jumuiya yetu waliniagiza niandike maneno machache katika kitabu hiki cha ukumbusho. Waliniambia, "Sheikh, tuandikie habari za wazee wetu wa zamani." Nilikubali upesi, kwani mtu aliyefika umri wangu hupenda kuwataja waliopita, na huona raha kusema kwamba watu wema walikwisha kwenda zao. Lakini nilipokaa kuandika niliona haya, na sababu yake nitaieleza wazi, maana nikiificha makala haya hayatakuwa na faida.

Mwaka niliotimiza miaka 55 nilizirudisha funguo za madrasa. Hapana aliyenifukuza. Nilisema kwamba nimefundisha tangu ujanani, kwamba magoti yananiuma, kwamba vijana wamesoma kuliko mimi niliyeishia skuli ya msingi na darasa za misikitini, na kwamba sasa ni zamu yao. Maneno hayo yote yalikuwa kweli. Walakini baada ya miezi michache niliona kwamba nilichokirudisha si funguo peke yake. Nilikuwa nikitoka msikitini baada ya sala ya alasiri, nikaketi barazani mpaka magharibi, na shughuli yangu ikawa kuwatia kasoro wale vijana niliowaachia. Mara sauti yao ya kusomesha ni ndogo, mara watoto wanatoka mapema, mara mikeka haikukung'utwa. Nilikuwa hodari wa kulaumu, wala sikunyanyua mkeka hata mmoja.

Basi kamati iliponitaka habari za wazee, nilijiuliza swali ambalo sikupata kujiuliza kabla yake: Hawa tunaowataja kwa sifa walikuwa wakifanya nini walipofika umri huu niliofika mimi? Nikachukua karatasi na kalamu, nikaanza kuihesabu miaka yao. Niliyoyaona ndiyo haya ninayokuandikia, ndugu msomaji.

Nilianza na jambo analolijua kila mtoto wa chuoni, ila hatulihesabu. Mtume wetu alipewa utume akiwa na umri wa miaka 40, akakaa Makka miaka 13, kisha akahama kwenda Madina. Yaani alipotoka Makka alikuwa na miaka kama 53, na rafiki yake Abu Bakar, aliyefuatana naye, alikuwa mdogo wake kwa miaka michache tu. Msikiti wa Madina, udugu wa Muhajirina na Ansari, mapatano ya mji ule na watu wake, yote yalikuja baada ya hapo. Na katika kuujenga msikiti huo yeye mwenyewe alibeba matofali pamoja na Masahaba zake. Sisi sote huhesabu miaka yetu kwa hijra; lakini ni wangapi tunaofikiri kwamba tarehe hiyo imeanza kwa safari ya mtu aliyekwisha kuipita hamsini?

Baada ya hapo nilirudi nyumbani kwetu Uganda, nikamtazama Mwana wa Mfalme Nuhu Mbogo. Huyu alikuwa mtoto wa Kabaka Suna, na ndugu yake Kabaka Mutesa wa Kwanza. Katika vita vya dini vilivyoisumbua Buganda tangu 1888, Waislamu walimfanya kiongozi wao, wakashindwa. Katika 1893 serikali ya Kiingereza ilimhamisha, akapelekwa Unguja, asirudi mpaka 1895. Na ulipoandikwa Mkataba wa Buganda wa 1900, yeye pamoja na wafuasi wake walipewa maili za mraba 24 za ardhi, kiasi kidogo mno ukikilinganisha na walichopata wengine.

Sasa tuhesabu. Kabaka Suna alifariki katika 1856. Basi ilipofika 1907, mwaka aliozaliwa mwanawe Badru Kakungulu, Mbogo alikuwa amekwisha kuipita hamsini bila shaka yoyote. Alikuwa mtu aliyeshindwa vitani, aliyeonja uhamisho, naye ni kiongozi wa watu wachache wenye ardhi chache na skuli chache. Angaliweza kuketi kwa uchungu na kusimulia mambo ya zamani, wala hapana ambaye angalimlaumu. Lakini alibaki pamoja na watu wake, akawaongoza katika amani kama alivyowaongoza katika vita, mpaka alipofariki katika 1921. Mwanawe alikuwa mtoto wa miaka kama 14. Mtoto huyo alikua, akashika mahali pa baba yake, akatoa ardhi yake juu ya kilima cha Kibuli kwa ajili ya msikiti na skuli. Msikiti wa Kibuli ulifunguliwa katika 1951, miaka 30 baada ya kufa kwa Mbogo. Mzee yule hakuliona hata jiwe moja la msikiti ule. Naye Mwana wa Mfalme Badru aliendelea kuwatumikia Waislamu wa nchi hii hata uzeeni, akafariki katika 1991, akiwa na miaka zaidi ya 80.

Kisha niliwatazama wanavyuoni wa pwani, ambao vitabu vyao vimetulea sisi wa bara. Wa kwanza ni Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa katika 1891. Huyu ndiye aliyeanzisha karatasi ya Sahifa katika 1930 na gazeti la al-Islah katika 1932, akiwaamsha watu wajifunze na kujitazama hali zao. Katika 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Pamoja na kazi hiyo alikuwa akiifasiri Kurani kwa Kiswahili, ili asiyejua Kiarabu apate kufahamu anachokisoma katika sala yake. Katika 1947 alifariki akiwa na umri wa miaka 56, na tafsiri yake bado haikutimia.

Hapo nilisita kidogo kuandika. Miaka 56! Huo ni umri wa watu wengi watakaokisoma kitabu hiki, na ni umri ambao mimi nilidhani umekwisha kunipa ruhusa ya kupumzika. Yeye alikufa na kalamu mkononi, katikati ya kazi aliyoijua kuwa ni ndefu kuliko maisha ya mtu mmoja. Je, kazi ile ilipotea? La, haikupotea. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, aliihifadhi, akaishughulikia, na kufika mwanzo wa miaka ya 1980 sehemu ya tafsiri hiyo, Sura ya al-Fatiha na Sura ya al-Bakara, ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Zaidi ya miaka 30 ilipita baina ya mkono uliotia na mkono uliopokea.

Wa pili ni Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, na habari zake nitazieleza kwa urefu kidogo, kwani zilinichoma zaidi kuliko zote.

Sheikh Abdullah alizaliwa Unguja katika 1912. Alikuwa mwalimu wa skuli, na miaka mingi ya ujana wake ilipita mbele ya ubao, akiwafundisha watoto, kisha akiyakagua mafundisho ya dini katika skuli za Unguja na Pemba. Huku akiandika: habari za Mtume, habari za Seyyid Said bin Sultan, habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki. Wakati huo tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ilikuwako, ila ya kwanza, ya 1923, ilitoka mkononi mwa padri Mwingereza, Godfrey Dale, na ya pili, ya 1953, ilitolewa na Waahmadiyya. Sheikh Abdullah hakuridhika nazo. Lakini hakukaa barazani akazisema tu. Alishika kalamu, akaanza kufasiri, na katika miaka ya 1950 sehemu zake zikaanza kutoka, kipande baada ya kipande.

Katika 1960 akawa Kadhi wa Unguja. Katika Januari 1964 kukatokea mapinduzi, na mambo ya kisiwa kile yakageuka. Katika 1967 alihamia Kenya. Tazama umri wake, ndugu yangu: alikuwa na miaka 55. Katika Kenya ile ile aliyohamia, mtumishi wa serikali aliyefika miaka 55 alikuwa akipewa mkono wa buriani arudi kwao akapumzike. Sheria hiyo haikubadilishwa mpaka 2009. Yeye katika umri huo ndipo alipoanza upya katika nchi nyingine. Katika 1968 alifanywa Kadhi Mkuu wa Kenya, kazi yenye ndoa na talaka na mirathi za watu, ambayo peke yake yatosha kumchosha kijana. Na katika 1969, akiwa na miaka 57, tafsiri yake nzima ilitolewa Nairobi kwa jina la Qurani Takatifu.

Mimi nilizaliwa baada ya kitabu hicho kutoka. Nilikikuta nyumbani kwa baba yangu, kimefungwa kitambaa, kimewekwa mahali pa juu zaidi chumbani. Baba hakujua Kiarabu zaidi ya kukisoma. Lakini usiku wa Ramadhani alikuwa akikifungua, akatusomea maana, naye mwenyewe akishangaa kama kwamba ameletewa barua aliyoingojea tangu utotoni. Wakati ule sikujua kwamba barua ile iliandikwa na mtu mzima aliyeacha nyumba yake na kisiwa chake. Sheikh Abdullah alidumu katika ukadhi mpaka mwanzo wa miaka ya 1980, kisha akaenda Omani, akafariki huko katika 1982, akiwa na miaka 70. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Wa tatu ni yule Sheikh Muhammad Kassim Mazrui niliyemtaja. Yeye ndiye aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kabla ya Sheikh Abdullah, na katika 1968 alikiacha kiti hicho. Alikuwa amekwisha kuipita hamsini. Je, alikwenda kulala? Katika 1972 alianzisha gazeti la Sauti ya Haki, akaendelea kuandika na kuwajibu watu maswali yao, na huku akiitunza kazi ya mwalimu wake. Aliacha kiti, hakuacha kazi. Kiti kilipata mwenyewe mwingine, na kazi ikapata watu wawili badala ya mmoja.

Wa nne ni Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, aliyezaliwa Unguja katika 1919. Huyu alikuwa mtu wa siasa, waziri katika serikali iliyopinduliwa 1964, akakaa gerezani Tanganyika miaka kumi, mpaka 1974. Hukumu ya siasa za wakati ule si shughuli ya makala haya. Wako wanaomsifu na wako wanaomlaumu. Mimi nautazama umri wake tu. Alipotoka gerezani alikuwa na miaka 55, hana cheo wala nchi ya kukaa. Alitangatanga ughaibuni, na katika 1995, akiwa na miaka 76, tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ikatoka. Leo katika misikiti yetu utaziona tafsiri hizo mbili zimewekwa rafu moja, ya mwalimu aliyehama na ya waziri aliyefungwa, na zote mbili zilitimia baada ya hamsini.

Nilipokwisha kuhesabu niliweka kalamu chini, nikayatazama majina hayo pamoja. Niliona kwamba yapo mambo mawili yaliyowaunganisha.

La kwanza, hapana hata mmoja wao aliyeanza uzeeni jambo asilolijua. Mwalimu aliendelea kufundisha, ila sasa kwa kitabu. Kiongozi aliendelea kuongoza. Kwa hiyo mzee anayeuliza, "Nitafanya nini sasa?" asitazame mbali. Atazame mikono yake imezoea nini. Aliyekuwa fundi seremala anajua mlango wa msikiti unaokwaruza. Aliyekuwa karani anajua namna daftari la Jumuiya linavyopasa kuandikwa. Aliyekuwa mkunga anajua kinachomtia hofu msichana mwenye mimba ya kwanza. Mwili hupungua nguvu, hilo hatulikatai, na mzee hapaswi kubeba kiroba cha saruji ili aonekane bado ni mwanamume. Lakini ujuzi haupungui kwa kutumiwa. Hupungua kwa kuwekwa.

La pili ndilo kubwa. Walifanya kazi ambazo walijua kwamba huenda wasizimalize, na palikuwa na mtu karibu nao wa kuzipokea. Mbogo hakuuona msikiti, lakini alikuwako Badru. Sheikh al-Amin hakuiona tafsiri yake katika chapa, lakini alikuwako Sheikh Muhammad Kassim. Kwa hiyo kujitolea kwa mzee si sawa na kujitolea kwa kijana. Kijana akitoa nguvu zake, imetosha. Mzee akitoa nguvu zake bila kumweka mtu pembeni yake anayetazama na kujifunza, ametoa nusu tu.

Nami nina ushahidi wa jambo hili, si katika vitabu bali mtaani kwetu.

Kwa miaka mingi maiti wa kike wa mtaa wetu walioshwa na wanawake watatu. Wote walikuwa wamepita sitini. Hawakudai kitu, walikuja kwa kuitwa, usiku au mchana, mvua au jua, na kwa kuwa walikuja sikuzote, sisi tuliwasahau, kama mtu anavyosahau kisima kisichokauka. Mmoja wao alikufa, wakamwosha wale wawili. Baada ya hapo wa pili akapatwa na maradhi ya viungo, akawa hawezi kuinama. Akabaki mmoja.

Siku moja alikufa mke wa jirani yetu, mwanamke kijana. Yule bibi mmoja aliyebaki alikuwa amesafiri kwenda kuwatazama wajukuu wake. Tangu alfajiri mpaka baada ya adhuhuri maiti alilala chumbani, maji yamekwisha kuwekwa, sanda imekwisha kukatwa, na nyumba imejaa wanawake. Walikuwamo waliosoma mpaka chuo kikuu. Hapana hata mmoja aliyejua aanze wapi. Mume alikuwa amekaa nje juu ya kiti cha mbao, hasemi, na kila mtu aliyeingia uani alinyanyua macho kumtazama kama labda ndiye mwoshaji. Mwishowe akaletwa mama mmoja kutoka mtaa wa mbali, akafanya wajibu.

Yule bibi aliporudi nilikwenda kumpa habari. Akaniambia, "Mwalimu, nyinyi mlitufundisha kwamba kumwosha maiti ni faradhi ya kutoshelezana. Basi sisi watatu tuliwatoshelezea, nanyi mkalala."

Nikamwuliza, "Na wewe bibi, miaka yote hii mbona hukumfundisha mtu?"

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hapana aliyekuja kuniuliza. Na nikwambie kweli, mwanangu, niliogopa. Nilisema, nikiwafundisha hawa wasichana, siku ya pili hawataniita tena."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalinikata. Nilimwona bibi yule, nikajiona mimi. Yeye aliing'ang'ania kazi kwa kuogopa kusahauliwa. Mimi niliitupa kazi kwa kuogopa kupitwa. Njia ni mbili, lakini hofu ni moja, na aliyelipa si yeye wala mimi. Aliyelipa ni yule kijana aliyekaa juu ya kiti cha mbao.

Alhamdulillahi, bibi hakuishia katika kukiri. Sasa kila Alhamisi baada ya alasiri huwakusanya wanawake wanane katika upande wao wa msikiti. Hutandika mkeka, huweka mto mrefu mahali pa maiti, akawaonyesha namna ya kumsitiri, namna ya kumgeuza, namna ya kuzipanga nguo tano za sanda ya mwanamke. Hao wanane wamekwisha kuitwa mara kadhaa, na kila mara wamemwita na yeye, akaketi mlangoni akiwaongoza kwa maneno. Alichokiogopa hakikutokea.

Na mimi nilikwenda madrasa. Sikwenda kudai funguo. Nilimwomba kijana aliyezishika anipe wale watoto wadogo wanaoanza alifu, ambao hapana mwalimu anayewapenda kwa sababu ya kelele zao. Alinitazama kwa shaka, na alikuwa na haki, kwani maneno yangu ya barazani yalikuwa yakimfikia. Kisha akasema, "Karibu, Sheikh." Ninao watoto 14. Pembeni yangu hukaa msichana mmoja aliyehitimu mwaka jana. Asubuhi husomesha yeye nami nikasikiliza. Akikosea simkatizi mpaka watoto waondoke. Hilo la kutomkatiza ndilo gumu zaidi katika kazi yangu yote.

Kwa hiyo nawasihi wazee wenzangu, wanaume kwa wanawake. Kitabu hiki kitahifadhiwa. Siku kitakapotoka kingine, kila mmoja wetu aliyepita hamsini aweze kutaja mambo mawili tu: kazi anayoifanya, na jina la aliyekaa pembeni yake akiipokea. Asiye na la kwanza aombe kazi, hata ndogo. Asiye na la pili asingoje kuulizwa. Yeye mwenyewe amwite mtu. Nanyi vijana, msingoje wazee wafe ndipo mfanye haraka ya kuandika sifa zao. Nendeni mkakae nao sasa, muwaulize namna wanavyofanya.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, azikubali kazi walizozimaliza na zile walizotuachia tuzimalize, na atupe sisi mwisho ulio bora kuliko mwanzo wetu. Amin.